Kisa cha Fhb1: alama ilikuwepo, jeni ndo ikawa kesi

Wanaoanza kazi ya alama za DNA kwenye ngano (vipande vya DNA vinavyopimika maabara, vinavyokuonyesha jeni unayoitaka iko jirani) wengi wao wanapewa Fhb1, eneo la DNA linaloipa ngano ukinzani dhidi ya ugonjwa wa kuvu wa kwenye suke, kama mfano wa kwanza, na wanaambiwa huo ni mfano wa mafanikio, eneo likapatikana kwenye ramani, likatengenezewa alama, likaingizwa kwenye mbegu, kwisha habari. Mimi naipenda hii kesi kwa sababu nyingine kabisa. Ukiifuatilia mwaka kwa mwaka unakuta alama ilianza kazi mapema na ikafanya kazi vizuri tu, halafu walipokuja kuitafuta jeni yenyewe ndo mambo yakachanganyika, 2016 ikatajwa jeni moja, 2019 ikatajwa nyingine, na hiyo ya pili timu mbili zikaielezea kwa namna zinazopingana ndani ya jarida lile lile mwaka ule ule. Na jenomu ya rejea, yaani DNA nzima ya mbegu moja iliyosomwa iwe kipimo cha wote, ambayo wote tunaitegemea, kwenye eneo hilo hilo, ilikuwa haina kile kilichokuwa kinatafutwa.

Twende na ugonjwa kwanza maana bila huo hakuna anayeelewa kwa nini watu walihangaika hivi. Kuna kuvu inaitwa Fusarium graminearum, inaingia kwenye suke la ngano wakati wa kuchanua, ukipita shambani unaona masuke yamepauka kabla ya wakati wake huku majani na shina bado kijani kibichi. Punje zinasinyaa, nyingine zinakuwa na rangi ya waridi kwa mbali, na ndani yake kuna sumu inaitwa deoxynivalenol, watu wanaikatisha DON. Hiyo sumu moto wa jikoni hauiondoi kirahisi, ndo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliweka kiwango cha ushauri cha 1 ppm (sehemu moja kwa milioni) kwenye bidhaa za ngano zilizo tayari kwa binadamu. Dawa za kuvu zipo ila muda wa kupuliza ni mfupi mno, siku chache za kuchanua, na mvua ikinyesha siku hizo (na ndo siku ambazo kuvu inazipenda) trekta haiingii shambani. Mwaka 1993 ugonjwa huu ulipiga majimbo ya kaskazini ya Marekani, Minnesota na North Dakota hasa, hasara ikakadiriwa kufika kama dola bilioni 1 kwa msimu ule mmoja. Hapo ndo kila mtu akaanza kutafuta mbegu inayohimili.

Mbegu iliyokuwa inajulikana kuhimili ni Sumai 3, ya Jiangsu, China, iliyotoka miaka ya 1970 mwanzoni kwa kuchanganya Funo ya Italia na ngano moja iliyoitwa Taiwan Xiaomai. Kushambuliwa na kuvu inashambuliwa, tusidanganyane, ila kuvu ikishaingia haisambai. Shida ya Sumai 3 ni kwamba kama mbegu ya kupanda kibiashara haifai sana nje ya kwao, inamwaga punje, shina halisimami vizuri, kwa hiyo brida (mtu anayezalisha mbegu mpya) anataka kipande kimoja tu cha DNA yake na hataki vingine vyote. Hiyo ndo kazi ambayo alama ya DNA iliumbiwa.

Sasa ngoja nieleze ukinzani wa aina hii unavyopimwa, kwa sababu ugumu wa kesi nzima umeanzia hapa na watu wanaokaa kwenye kompyuta tu hawaujui. Unasubiri suke lianze kuchanua. Unachagua kisuke kimoja cha katikati, unafungua ganda taratibu, unadondosha tone kama la maikrolita 10 lenye spora, unalifunika suke kwa kifuko kidogo ili unyevu usitoke, siku mbili tatu unakitoa. Halafu unasubiri. Baada ya wiki tatu hivi unarudi unahesabu vijisuke vilivyopauka. Kwenye mbegu inayohimili unakuta kile kimoja ulichokitia tone kimekufa, labda na jirani yake, basi. Kwenye mbegu dhaifu ugonjwa umeshuka kupitia ule mhimili wa katikati ya suke, na juu ya pale ulipoweka tone kote kumekauka hata kama kuvu haijafika huko, maana njia ya maji imekatwa. Ukihesabu vijisuke vilivyopauka juu unaweza kudhani kuvu imepanda, kumbe ni kiu. Ongeza na hali ya hewa, na mimea inayochanua siku tofauti, na kwamba watu wawili wakihesabu suke moja wanaweza wasikubaliane. Kwa hiyo namba za ukinzani wa ugonjwa huu siku zote zina kelele nyingi, yaani zinayumba kwa sababu zisizohusiana na jeni, hili likumbuke maana tutalirudia.

Ramani ya kwanza ya maana ilitoka 1999, North Dakota, kwenye uzao wa Sumai 3 na mbegu ya Marekani inaitwa Stoa. Walipata eneo kwenye mkono mfupi wa kromosomu 3B lenye mchango mkubwa kuliko mengine yote. Mwaka 2001 kundi la mbegu lingine, lenye wazazi wengine, likaonyesha eneo lile lile, safari hii kwa alama za vijirudio vifupi, zile ambazo DNA inarudia herufi mbili tatu mara nyingi na idadi ya marudio inatofautiana kati ya mbegu na mbegu. Mwaka 2006 timu mbili, moja Manitoba, Canada, nyingine Minnesota, kila moja kwa njia yake zikafanikiwa kulifanya eneo hilo lionekane kama jeni moja inayorithiwa ipo au haipo, ndo likapewa jina Fhb1. Angalia hapo, jina la jeni limetolewa wakati jeni haijaonekana na mtu yeyote. Ni jambo la kawaida kwenye fani, ila lina madhara yake, watu wanaanza kusema "jeni ya Fhb1" utadhani kuna mtu alishaishika.

Mwaka 2008 ikaja alama iliyoitwa UMN10, na hii ndo iliyosambaa. Ni PCR ya kawaida (unakikuza kipande kimoja cha DNA hadi kionekane kwenye jeli), bendi mbili zinazotofautiana kwa besi, yaani herufi za DNA, chache tu, na inaonyesha mmea wenye nakala zote mbili tofauti, yaani huhitaji kubahatisha nani ni mchanganyiko. Kabla ya hapo mabrida walishaanza kutumia zile alama za vijirudio za pande mbili za eneo, na mbegu zenye ukinzani wa Sumai 3 zilishafika shambani, mfano Alsen iliyotolewa North Dakota mwaka 2000 ambayo ilipandwa sana miaka iliyofuata. Kazi moja iliyochapishwa 2007 ilichukua jozi 19 za mbegu mapacha, yaani zinazofanana karibu kila kitu isipokuwa eneo la Fhb1, kutoka kwenye makundi 13 tofauti, wakaona kwa wastani ukali wa ugonjwa unapungua 23% na punje zilizoathirika zinapungua 27%. Kwa mtu aliyezoea jeni za kuhimili kutu (ugonjwa mwingine wa kuvu wa ngano) ambazo zinazima ugonjwa kama swichi, 23% inaonekana ndogo. Kwa ugonjwa huu ni kubwa sana, na hakuna kipande kingine cha ngano ya kawaida kilichokuwa kinatoa msaada wa kuaminika hivyo kwenye mbegu nyingi tofauti.

Kwa hiyo kufikia hapo brida ana alama, anaitumia, anapata matokeo. Jeni haijulikani. Je kuna shida? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana. Alama ni jirani wa jeni tu, ukimfuata jirani unafika kwenye nyumba, ilimradi mtaa ni ule ule. Shida inaanza ukihamia mtaa mwingine.

Na hapa ndo unaanza kuona nyufa. Kwenye uzao ambao unajua mzazi mmoja ni Sumai 3 au mjukuu wake, UMN10 haina maneno. Lakini ukichukua rundo la mbegu mia kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za dunia ukazipima zote, unakuta mbegu zenye bendi "nzuri" ambazo hazina undugu na Sumai 3 na zinashambuliwa vibaya. Hakuna cha ajabu, ile tofauti ya besi chache ilikuwepo kwenye ngano zamani kabla ya kile kinacholeta ukinzani hakijatokea, au walikaa pamoja kisha wakatengana. Brida anayetumia alama kuchagua wazazi kutoka kwenye benki ya mbegu anapotea hapo, brida anayeitumia ndani ya uzao wake anaojua wazazi wake hapotei. Alama ile ile, mmoja anaisifia na mwingine anailaani, na wote wako sawa.

Kuna kitu kingine ambacho alama ilikisaidia na naona hakisemwi vya kutosha. Kwenye mkono ule ule wa 3B, sentimogani 2 au 3 hivi (kipimo cha umbali kwenye ramani ya jeni) kutoka Fhb1, inakaa Sr2, jeni ya zamani ya kuhimili kutu ya shina ambayo mabrida wa ngano, hasa wa CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano), wameitegemea kwa miongo. Bahati mbaya Fhb1 ilikuja kwenye kromosomu ambayo haina Sr2, na ngano yenye Sr2 haina Fhb1, kwa hiyo ukizichanganya mtoto anabeba hii au ile, mara nyingi sana. Ukichagua kwa nguvu upande mmoja unafukuza mwingine bila kujua. Hii ilichangia sana Fhb1 isienee kwenye mbegu ambazo zote zimejaa Sr2. Dawa yake ni kupima mimea mingi kwa alama mbili kwa pamoja, ya Fhb1 na ya Sr2, na kuwinda wale wachache ambao kromosomu ilikatika katikati ya hizo mbili na kuziweka upande mmoja. Kwa umbali huo unategemea wawili watatu katika kila mia, tena nusu yao wamekatika kwa namna usiyoitaka, wamekosa zote mbili. Kwa macho shambani hiyo kazi haifanyiki, itakumaliza. Kwa alama ilifanyika, na mbegu zenye zote mbili zipo. Ukishawapata hao wachache, zikishakaa upande mmoja, ule ukaribu uliokuwa unakusumbua sasa unakusaidia, zinarithiwa kama furushi.

Haya, sasa jeni yenyewe. Kuitafuta jeni kwa kufuata ramani maana yake unapunguza eneo kwa kutafuta mimea ambayo kromosomu imekatika karibu zaidi na zaidi, hadi unabaki na kipande kidogo chenye jeni chache, kisha unazijaribu moja moja. Kwenye ngano hii kazi ni mateso. Ngano ya mkate ina jenomu tatu ndani yake, A, B na D, kromosomu 42, besi kama bilioni 16, binadamu anaingia humo mara tano, na zaidi ya 80% ya hiyo ni vipande vinavyojirudia. Ukichora praima (kile kipande kifupi cha DNA kinachoanzishia PCR) bila kuangalia unakuza kromosomu ndugu 3A, 3B na 3D kwa pamoja halafu unashangaa kwa nini mimea yote inaonekana mchanganyiko.

Kidogo walikuwa na bahati, au walidhani wanayo. Kromosomu 3B ndo kubwa kuliko zote za ngano, kwa hiyo ilikuwa rahisi kutengwa peke yake na mashine inayochambua kromosomu moja moja kwa ukubwa, kazi ambayo maabara ya Olomouc kule Czech imeifanya kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo 3B ndo ilikuwa kromosomu ya kwanza ya ngano kupata ramani ya vipande vya DNA vilivyopangwa, 2008, na ya kwanza kusomwa na kuunganishwa vizuri, 2014, megabesi 774. Eneo la Fhb1 liko humo humo. Nani asingefurahi.

Ila DNA iliyosomwa ni ya Chinese Spring, ile mbegu ya ngano iliyochaguliwa kuwa rejea. Na Chinese Spring haina Fhb1. Ilibidi watu warudi nyuma watengeneze maktaba za vipande vikubwa vya DNA vinavyofugwa ndani ya bakteria kutoka kwenye mbegu zenye Fhb1 yenyewe, wavisome upya. Kazi kutoka Austria iliyochapishwa 2016, kwenye mbegu yenye damu ya Sumai 3, ilionyesha kwamba eneo la ukinzani halifanani kabisa na la Chinese Spring, kuna jeni upande mmoja ambazo upande wa pili hazipo, na kwa sababu kromosomu mbili haziwezi kubadilishana vipande mahali ambapo hazifanani, mikato inakoma. Yaani unaweza kuongeza mimea elfu juu ya elfu, eneo halipungui tena. Jeni zote zilizobaki humo ndani zinasafiri kama furushi moja. Hapa ndo chanzo cha ugomvi wote uliofuata, kwa maoni yangu. Ramani ilifika mwisho wake kabla haijafika kwenye jeni moja.

Mwaka huo huo wa 2016, timu yenye watu wa chuo kikuu cha Kansas State na washirika wao ikatangaza kwenye jarida la Nature Genetics kwamba Fhb1 ni jeni waliyoiita PFT, inatengeneza protini yenye sehemu za kushika sukari na sehemu inayofanana na sumu zinazotoboa utando wa seli. Ushahidi wao haukuwa wa kitoto, walikuwa na mimea ya Sumai 3 iliyobadilishwa kwa kemikali kwenye PFT ikapoteza ukinzani, walinyamazisha jeni, waliiingiza kwenye mbegu dhaifu. Kwa desturi za fani ukiwa na hivyo vitatu kesi imefungwa.

Haikufungwa. Watu walipoanza kupima PFT kwenye makusanyo ya mbegu, China hasa, wakaikuta kwenye mbegu ambazo zinashambuliwa vizuri tu. Sasa unaweza kujitetea kwamba huenda hizo mbegu zina kitu kingine kinachoharibu kazi ya PFT, na si utetezi wa kijinga, ila kama alama ya kuchagulia mbegu tayari ina doa.

2019 zikaja karatasi mbili kwenye jarida lile lile. Moja kutoka Manhattan, Kansas, mji ule ule wa Kansas State (hili huwa linanichekesha), nyingine kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing ambao walitumia ngano ya asili ya China inaitwa Wangshuibai. Wote wawili walisema siyo PFT, ni jeni jirani yake, TaHRC, yenye protini inayoshika kalisi na iliyojaa asidi amino ya histidini. Wote wawili waliona tofauti ile ile, kwenye mbegu zinazohimili kuna kipande cha besi 752 kimefutika mwanzoni mwa jeni, kikabeba na mahali ambapo protini ilikuwa inaanzia kusomwa. Mpaka hapo safi sana, timu mbili, mbegu mbili, jibu moja.

Halafu wakaachana njia panda. Kansas wakasema kufutika huko kumeiua jeni, na kwamba TaHRC nzima ndo inayosaidia kuvu, mmea usiyo nayo unahimili. Waliizima kwenye mbegu dhaifu, ugonjwa ukapungua, wakaiongeza, ugonjwa ukazidi. Nanjing wakasema hapana, baada ya kufutika jeni inaanza kusomwa mahali pengine, inatoka protini mpya yenye mwanzo tofauti, na hiyo protini mpya ndo inayoleta ukinzani. Mmoja anasema jeni imekufa, mwingine anasema imezaliwa upya. Mtu wa nje anaweza kudhani ni ubishi wa wasomi tu. Siyo. Kama jeni imekufa, basi unaweza kuchukua mbegu yoyote duniani, ukaihariri TaHRC yake hapo hapo, ukapata ukinzani bila kuingiza DNA ya Sumai 3 na takataka zake za kumwaga punje, na bila kugusa Sr2 iliyo jirani. Kama jeni imezaliwa upya, kuua hakutoshi, lazima ulete kipande chenyewe kwa kuchanganya mbegu. Ni mipango miwili tofauti ya miaka kumi ya kazi.

Kwa nini watu wenye akili na maabara nzuri wafike majibu matatu kwenye eneo moja? Ukinisikiliza mimi, sababu ya kwanza ni hiyo ya furushi, ramani haikuweza kutenganisha PFT na TaHRC, kwa hiyo ushahidi wote wa kurithiana unawafaa wote sawasawa. Ukibaki bila ramani unategemea mimea iliyobadilishwa, na hapo inaingia sababu ya pili, ngano inavumilia mabadiliko mengi kupita kiasi kwa sababu ina nakala tatu za karibu kila jeni. Yale makusanyo ya mimea iliyobadilishwa kwa kemikali ya Kronos na Cadenza, mbegu mbili za ngano, yaliyosomwa na kuchapishwa 2017 yana mabadiliko zaidi ya milioni 10 kwenye mimea 2,735, piga hesabu mwenyewe ni elfu ngapi kwa kila mmea. Mmea mmoja ulioharibika PFT umeharibika na vitu vingine elfu kadhaa, na ukipata mmea mmoja dhaifu hujui nani alaumiwe hadi uwe na mimea kadhaa iliyoharibika sehemu tofauti za jeni ile ile, au uurudishe kwa mzazi, yaani uuchanganye naye tena, mara kadhaa kusafisha. Sababu ya tatu ni ile ya vijisuke. Kipimo chenye kelele, kwenye mbegu za aina tofauti, kwenye nyumba za kioo tofauti, kinaweza kukupa tofauti ya kweli ya leo ambayo kesho haipo. Sisemi timu yoyote ilidanganya. Nasema kila moja ilikuwa na sababu ya kuamini ilichokiona, na inawezekana kabisa zaidi ya jeni moja kwenye furushi lile ina mchango wake.

Sasa cha ajabu, kwa brida kesi iliisha mapema kuliko kwa mtaalamu wa jeni. Kile kipande kilichofutika, hata usipojua kimeua au kimezaa, ndo kitu kinachotenganisha mbegu za Fhb1 na zisizo za Fhb1 kuliko alama zote zilizotangulia. Timu ya Kansas ilitoa alama za kipande hicho 2018, kabla hata karatasi ya jeni haijatoka, ikiwemo ya KASP, na kwenye makusanyo ya mbegu zenye asili tofauti ilijipambanua vizuri kuliko UMN10 na kuliko PFT.

KASP kwa ambao hawajakaa nayo, unaweka DNA kwenye sahani ya visima 96 au 384, praima mbili zinashindana, kila moja na rangi yake ya mwanga, na mwishoni huangalii jeli, unaangalia grafu. Kila nukta ni mmea mmoja. Ikiwa sawa unaona mawingu matatu, moja limelalia mhimili wa chini, moja limepanda juu, la katikati ni wenye nakala mchanganyiko, na kisima kisicho na DNA kimekaa kwenye kona kimya. Ikiwa praima inashika na 3A na 3D, mawingu yanasogeleana kuelekea katikati hadi huwezi kusema huyu ni wa wapi, na hilo ndo kosa la kawaida kuliko yote kwenye alama za ngano, mtu anakaa kubadilisha joto la mashine wakati shida iko kwenye praima. Weka ncha ya mwisho ya praima moja juu ya besi ambayo ipo 3B tu, mawingu yatatengana yenyewe. Kwa alama ya kufutika kuna uzuri wa ziada, unaweza kuweka praima juu ya kiungo, pale ambapo DNA imeshikana baada ya kipande kutoka, na kiungo hicho hakipo popote pengine kwenye jenomu nzima.

Tukirudi kwenye rasilimali za jenomu, watu wakisoma kesi hii wanalaumu kwamba jenomu kamili ilichelewa. Jenomu ya rejea iliyopangwa vizuri ilitoka Agosti 2018, jeni 107,891 za kuaminika, kazi kubwa mno na hakuna anayefanya alama leo bila kuigusa. Lakini hata ingetoka 2008 isingeitatua Fhb1, kwa sababu ni Chinese Spring, na kinachotafutwa kiko kwenye mbegu nyingine. Ukiwa na jenomu moja, alama zako zote ni maswali yanayoulizwa kwa lugha ya mbegu hiyo moja, kipande ambacho haina hakiwezi hata kuulizwa. Kilichosogeza mambo ni 2020 zilipotoka jenomu zaidi ya kumi za ngano kutoka mabara tofauti, mojawapo ikiwa Norin 61 ya Japan ambayo kwenye eneo la Fhb1 ina ile sura ya Asia Mashariki. Sasa unaweza kukaa na eneo lile la mbegu mbili pembeni kwa pembeni kwenye skrini, ukaona mchana kweupe kipi kipo na kipi hakipo, jambo ambalo wale wa mwanzo walilipata kwa kusoma vipande vya bakteria kimoja kimoja. Kwa mtu mwenye bajeti ya kuchagua, kati ya kuisoma Chinese Spring kwa ubora zaidi na kusoma mzazi wako mwenyewe, soma mzazi wako.

(Kwa kulinganisha tu, Fhb7, iliyotoka kwenye nyasi ya porini Thinopyrum elongatum na kuchapishwa kwenye Science 2020, ilikwenda haraka kwa sababu walisoma jenomu ya nyasi yenyewe kwanza. Na jeni yenyewe ilikutwa inafanana na ya kuvu, inaonekana iliruka kutoka kwa kuvu ikaingia kwenye nyasi. Kesi ya siku nyingine hiyo.)

Kwa sasa mtu akiniuliza atumie nini, ndani ya uzao wenye mzazi wa Sumai 3 alama ya TaHRC iliyofutika inatosha, UMN10 kama ndo uliyozoea nayo bado inafanya kazi, wala usiitupe data yako ya zamani. Ukichagua wazazi kutoka benki ya mbegu, TaHRC kwanza, na usiichague mbegu kwa PFT peke yake. Weka alama ya Sr2 kwenye sahani ile ile kama ukoo wako una Sr2. Halafu bado uende shambani na tone lako la spora, maana alama inakuambia kipande kipo, haikuambii kwamba mbegu nzima inahimili, ukinzani wa ugonjwa huu unajengwa na maeneo mengi madogo na Fhb1 ni moja tu.

Kuhusu nani yuko sahihi kati ya Kansas na Nanjing, mimi naegemea upande wa jeni kufa, kwa sababu tangu wakati huo wamehariri TaHRC kwenye mbegu dhaifu na ugonjwa ukapungua, na ukihariri hivyo huleti kipande chochote cha Sumai 3 cha kukuchanganyia hesabu. Ila kupungua siyo sawa na kufikia ukinzani wote wa Fhb1. Jaribio ninalolitaka mimi ni la mbegu moja dhaifu yenye ndugu wanne, mmoja TaHRC yake imezimwa, mmoja amepewa TaHRC iliyofutika ya Sumai 3 ikiwa peke yake, mmoja amepewa PFT peke yake, na mmoja amebeba furushi zima kwa kuchanganywa kawaida, wote wanne watiwe spora siku moja kwenye mashamba kadhaa na misimu kadhaa, na anayehesabu vijisuke asijue yupi ni yupi.